Inchi za Heshima

Sketi ilikuwa imepasuka kwenye mshono wa nyuma, kuanzia chini ya zipu hadi shubiri moja kabla ya pindo. Mwalimu aliitandaza juu ya meza ya kukatia kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

“Imekupasukia wapi?” Fundi aliuliza.

“Mbele ya watoto hamsini na mbili. Niliinama kuokota chaki.”

Fundi aliirudisha pasi kwenye kigae chake. Binti yake, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha akiwa na kompyuta mapajani, aliinua uso lakini hakusimama. Jina lake la kuzaliwa lilitumika shuleni na benki tu. Mtaani aliitwa Bi Hesabu, na alikuwa amelizoea kiasi cha kuliitikia.

“Ulijipima juu ya nguo?” aliuliza.

“Nilijipima juu ya shimizi.”

“Futi ya kupimia ililala sawa kwa nyuma? Watu wengi wakijipima nyonga peke yao, futi inapanda juu mgongoni.”

“Nilimwita mdogo wangu aishike. Binti, nafundisha hesabu mwaka wa kumi na nne huu. Nikisema arobaini na sita, ni arobaini na sita.”

Bi Hesabu alibonyeza vitufe viwili vitatu. “Huku umeandika arobaini na tatu.”

“Niliandika arobaini na sita! Simu ikanijibu: *Kipimo hiki hakilingani na vingine. Tafadhali pima tena.* Nikapima tena. Ikanijibu vilevile. Mara ya tatu nikasema labda futi yangu ni mbovu, nikaazima ya jirani. Arobaini na sita. Ikakataa. Basi nikajiambia, hiki kitu kina akili ya fundi wa miaka thelathini, mimi ni nani nibishane nacho? Nikawa naishushia moja moja, kama mtu anayeomba kupunguziwa bei, mpaka ikaridhika. Iliridhika na arobaini na tatu.”

Fundi aliichukua sketi, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba juu ya mshono. “Umeshona vizuri. Mshono umenyooka. Niachie, nitakuwekea kipande pembeni.”

“Sikuja kutengenezewa, Fundi. Nimekuja kuuliza mwongo ni nani, mimi au simu. Jumamosi tutakutana dukani, kila mtu na nguo yake. Mimi nitakuja na hii hii.” Akaifungasha katika mfuko wa nailoni na kutoka.

Ilikuwa Jumatatu.

Programu yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Mwanamke anayeshona nyumbani anajipima sehemu tisa za mwili, anaziingiza kwenye simu, na simu inamchorea ramani ya kukatia kwa vipimo vyake mwenyewe. Anaichapisha kwenye karatasi, anaziunga karatasi kwa gundi, anakata kitambaa. Hana haja ya kununua ramani za dukani zilizochorwa kwa ajili ya mwili wa mtu asiyekuwepo. Lakini watu hukosea kujipima, na hapo ndipo Bi Hesabu aliona amewazidi wenzake wote: alikuwa na madaftari kumi na moja ya mama yake, wateja elfu mbili mia tatu na nne, kila mmoja na kifua chake, kiuno chake, nyonga zake, mgongo wake, na urefu wake. Aliyaingiza yote kwa mkono, miezi minne. Programu ilijifunza humo jinsi kiungo kimoja kinavyofuatana na kingine, na mtu akiingiza kipimo kilichotoka nje ya mstari, ilimrudisha apime upya. Mama yake alikuwa haoni tena tundu la sindano. Daktari alisema jicho la kulia litafuata la kushoto, na Bi Hesabu akaacha kazi yake ya karani ili ufundi usifie kwenye macho. Mwenye duka kubwa la vitambaa, ambaye watu walimwita Bwana Mita, alikubali kuiuza programu pamoja na vitambaa vyake, kwa sharti moja: wanawake kumi na wawili waijaribu kwanza, kisha wavae walichoshona, dukani kwake, mbele ya macho yake.

Siku zilibaki tano.

*

Jumanne asubuhi aliwapigia simu wale kumi na mmoja waliobaki. Aliuliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, akaandika majibu. Watano walisema nguo imewakaa kama ngozi. Mmoja alisema mumewe amemuuliza anakwenda wapi. Watano waliobaki walizungukazunguka: inabana kidogo, labda nimenenepa, labda kitambaa kimeingia maji kikasinyaa. Mmoja wao alikata simu alipoulizwa nyonga zake, halafu akapiga mwenyewe kuomba radhi.

Bi Hesabu alipanga majina sita ya waliofurahi upande mmoja na sita ya waliobanwa, pamoja na Mwalimu, upande wa pili. Hakuhitaji kutafuta sana. Wembamba wote walikuwa upande mmoja.

Kosa linaloumiza watu wa aina moja tu halitokani na bahati mbaya. Aliyajua hayo. Alipitia kanuni za programu mstari kwa mstari hadi saa sita mchana, hakuona kosa. Ndipo akarudi kwenye madaftari, si kwa kumsoma mtu mmoja mmoja kama alivyofanya alipokuwa akiyaingiza, bali kwa kuwahesabu wote kwa pamoja: nyonga za inchi thelathini na tisa ni wangapi, arobaini ni wangapi, arobaini na moja.

Hadi arobaini, idadi ilipanda na kushuka kwa utaratibu, kama inavyotakiwa. Kisha ikaanza kurukaruka. Waliokuwa na arobaini na mbili walikuwa mia tatu na kumi na mmoja. Waliokuwa na arobaini na tatu walikuwa kumi na tisa. Arobaini na nne, mia mbili na sita. Arobaini na tano, wanane. Na katika mtaa wenye wanawake wa kila umbo, kwa miaka yote hiyo, waliozidi arobaini na sita walikuwa tisa.

Alihesabu upya kwa mkono daftari la saba peke yake. Jibu lilikuwa lilelile. Miili ya watu haipendi namba moja na kuichukia ya jirani yake. Anayefanya hivyo ni anayeshika kalamu.

Alimkuta mama yake jikoni akichambua mchele, sinia ameliinamia karibu liguse pua.

“Mama, nyonga za wateja ulizipima wewe mwenyewe?”

“Nani mwingine angezipima, paka?”

“Na ulichopima ndicho ulichoandika?”

Mkono wa Fundi ulisimama juu ya sinia, kisha ukaendelea. “Kwani kuna nini?”

“Kuna watu mia tatu na kumi na mmoja wenye arobaini na mbili kamili.”

“Ndiyo saizi ya watu.”

“Na arobaini na tatu kumi na tisa. Waliozidi arobaini na sita, tisa tu.”

“Basi hao kumi na tisa waliongezeka kidogo. Mwanangu, mimi nilikuwa nashona, sikuwa nahesabu watu kama serikali.”

“Mama.”

Fundi aliliweka sinia chini. Alitoa jiwe dogo kati ya punje, akalitazama kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. “Unajua mteja anakaa wapi ninapoandika?” alisema. “Hapa. Begani kwangu. Nikiandika, anachungulia. Mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia mtu arobaini na saba. Akaniuliza, hii ni mimi au ni godoro? Nikacheka, nikidhani anatania. Gauni lake lilitundikwa ukutani mwaka mzima. Hakurudi. Na aliokuja nao hawakurudi.”

“Ukaanza kupunguza.”

“Nikaanza kuwa na adabu. Kiuno na nyonga tu. Kifua hakuna aliyewahi kukilalamikia.”

“Kwa kiasi gani?”

“Inategemea mtu.”

“Inategemea nini cha mtu?”

“Roho yake. Mwingine inchi moja inamtosha, anatoka hapa anapepea. Mwingine mbili. Kuna mwenye makuu, huyo tatu, nne. Wale tisa wako, ukimtoa huyo wa godoro, hao walikuwa wanajicheka wenyewe, hao niliwaandikia ukweli.”

“Na kukata je? Ulikataje nguo kwa namba za uongo?”

“Nani alikata kwa namba? Nilikata kwa mtu. Nikifungua ukurasa namwona amesimama. Hujawahi kusikia nguo yangu imembana mtu.”

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliokuwa umemponza Bi Hesabu. Nguo zilizotoka katika chumba hiki ziliwakaa watu vizuri kwa miaka thelathini, naye akaamini siri iko kwenye madaftari.

“Uliweka alama yoyote? Nukta, mstari?”

“Ningeweka alama wangeuliza alama ya nini.”

“Kwa hiyo uliyoyapunguza yapo kichwani mwako.”

“Yapo kichwani mwangu, na ndimo yatakamozikwa.” Fundi alilivuta tena sinia. “Ongeza inchi mbili kwa kila mtu, mambo yaishe.”

“Haiwezekani. Nitawaharibia wembamba, na uliyempunguzia nne atabaki na mbili pungufu. Lazima wapimwe upya. Lazima waambiwe kwa nini.”

“Nimwambie nani? Nimwambie wifi yangu?” Sauti ya Fundi ilipanda kwa mara ya kwanza. “Shangazi yako anapita akitamba harusini na misibani kwamba tangu amzae mtoto wake wa mwisho hajaongezeka hata nusu inchi. Anasema, kamuulizeni wifi, ameniandika. Unataka niende nikamvue nguo mbele za watu?”

“Mficha uchi hazai, Mama.”

“Uchi wenyewe si wangu! Ni wa watu. Waliniachia niwatunzie. Wewe ukauchukua ukautia kwenye simu.”

Bi Hesabu alitoka jikoni. Alirudi chumba cha kushonea, akayapanga madaftari yote kumi na moja, daftari moja juu ya jingine, kwa miaka yake, kingo zikiwa sawasawa. Alikumbuka kwamba maneno *Tafadhali pima tena* aliyaandika yeye, na kwamba alitumia nusu saa kuchagua neno “tafadhali”.

*

Bwana Mita alikuja Alhamisi bila kuitwa. Alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, mwenye kupima kitambaa kwa kunyoosha mkono kutoka puani hadi ncha ya vidole na kukosea kwa faida yake kila mara. Alisimama mlangoni kwa sababu chumba hakikuwa na kiti kisichokuwa na nguo.

“Nasikia Mwalimu amepasukiwa,” alisema. “Mji mzima umesikia. Watoto wa shule hawana siri.”

“Kuna kosa,” Bi Hesabu alisema. “Nimelipata. Nahitaji muda. Tusogeze Jumamosi.”

“Nimeshatangaza. Nimeshakodi vioo viwili vya kusimama.” Aliokota kipande cha bitana, akakivuta kwa mazoea kuona kama kinanyumbuka. “Kosa lenyewe ni la nani? La programu, au la huyo mama kujipima vibaya?”

Nyuma ya pazia lililotenga chumba na ukumbi, mlio wa vyombo ulikoma.

“Maana mimi,” Bwana Mita aliendelea, “nimeuza vitambaa miaka ishirini na miwili, na sijawahi kumwona mwanamke anayejua kiuno chake. Nawapenda, ndio walionijengea nyumba, lakini hawajui. Wewe andika kwenye boksi tutakaloiuzia: *Vipimo ni jukumu la mshonaji.* Basi. Nguo ikikubali, sifa kwako. Ikikataa, alijipima vibaya, anarudi kununua mita mbili nyingine. Hakuna anayeumia.”

“Mwalimu alijipima sawasawa.”

“Unaweza kuthibitisha?”

Angeweza. Ushahidi ulikuwa mezani, madaftari kumi na moja. Bi Hesabu aliyatazama, kisha akatazama pazia.

“Sawa,” alisema.

“Sawa nini?”

“Sawa, tuandike hivyo.”

“Ndiyo maana nakupenda, binti. Una akili ya kazi.” Alikiweka kipande cha bitana mfukoni mwake na kuondoka.

Fundi alitokea baada ya muda, akajipangusa mikono kwa khanga. Alikaa kwenye cherehani, akajaribu kutunga uzi kwenye sindano ya mkono mara nne, mara ya tano akaisukuma sindano kuelekea kwa binti yake bila kumtazama. Bi Hesabu aliitunga akairudisha. Waliendelea hivyo mpaka jioni, wakiongea kuhusu uzi peke yake.

*

Jumamosi duka lilijaa kabla ya saa nne. Bwana Mita alikuwa amesogeza majora ya vitambaa hadi ukutani, akasimamisha vioo viwili katikati, na kutundika juu yake karatasi yenye jina la programu. Wanawake sita walijitokeza na nguo zao, wakageuka mbele ya vioo, wakapigiwa makofi. Watano hawakuja. Shangazi, dada wa marehemu baba yake Bi Hesabu, alikuwa amekaa mstari wa mbele akiwa na gauni la zambarau alilolishona Fundi, akiwaeleza walio pembeni yake.

“Mwenye akili ya hiki kitu ni wifi yangu. Mtoto amebonyeza tu. Ufundi ni wa wifi.”

Mwalimu aliingia mwisho. Hakuivaa sketi. Aliishika kwa ncha mbili za kiuno, akaizungusha polepole ili kila mtu aone mpasuko, hata waliosimama nje. Mtu mmoja aliguna. Mwingine alicheka, akanyamazishwa.

“Ninyi nyote mnanifahamu,” alisema. “Sina la kuongeza. Nataka kuambiwa nilikosea wapi.”

“Mwalimu, Mwalimu.” Bwana Mita alisogea mbele, viganja vimekutana. “Hata daktari hajipasui mwenyewe. Kujipima ni kazi ngumu. Mtu anajivuta hapa, anajilegeza pale, na sisi binadamu tunapenda kujipunguzia, siyo? Inchi moja huku, inchi mbili kule. Hakuna ubaya! Lakini kompyuta haijui kupendelea. Nani alaumiwe? Siyo, Bi Hesabu?”

Watu waligeuka. Mwalimu aligeuka pia. Uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa anangoja, kama anavyongoja mwanafunzi amalize hesabu ubaoni. Bi Hesabu alielewa kwamba mwanamke huyu tayari ameanza kuamini kwamba labda alijipunguzia, labda mdogo wake alivuta futi, labda miaka kumi na minne ya kufundisha si kitu. Angejibu “ndiyo” neno moja tu, na ingekuwa hivyo.

“Hapana,” alisema. “Alijipima sawasawa. Programu ilimkatalia namba ya kweli mara tatu, ikamlazimisha aandike ya uongo.”

Tabasamu la Bwana Mita lilibaki mahali pake, ila macho yalimtoka. “Ilimkataliaje? Si uliniambia imejifunza kwa wateja elfu mbili?”

“Ilijifunza vibaya. Kosa ni langu. Niliingiza takwimu bila kuzikagua.”

“Takwimu za wapi?” Mwalimu aliuliza.

Bi Hesabu alitazama mstari wa mbele. Shangazi alikuwa anamtazama, mkoba mapajani.

“Takwimu za wapi, binti?”

“Zangu,” Fundi alisema.

Alikuwa amesimama nyuma kabisa, kati ya majora ya kitambaa cheusi, na ilibidi watu wapishe ili aonekane. Hakusogea mbele.

“Madaftari ni yangu. Mtoto hana kosa, aliamini kilichoandikwa na mama yake. Mimi nilikuwa nawapunguzia watu. Nyonga na kiuno. Nilikuwa napima moja, naandika nyingine, nakata ile ya kweli. Miaka yote. Si wote niliowapunguzia. Lakini wengi wenu mliokaa hapo.”

Watu walianza kukumbuka namba zao. Bi Hesabu aliona midomo ya mwanamke mmoja ikitikisika: alikuwa anajumlisha.

“Mimi ulinipunguzia?” aliuliza mwanamke mwenye kilemba cha kijani.

“Mbili.”

“Mbili!”

“Na mimi?”

“Tusiulizane hapa,” Fundi alisema. “Atakayetaka kujua, aje nyumbani, nitampima upya na nitamwandikia anachoona kwenye futi. Mwalimu, wewe hukuwahi kuwa mteja wangu. Umeadhibiwa kwa ajili ya wateja wangu. Naomba radhi.”

Mwalimu aliikunja sketi, mara moja, mara mbili, vizuri. “Basi nilikuwa sahihi,” alisema, na sauti yake ilikwaruza kidogo.

Shangazi aliinuka. Alilitengeneza gauni la zambarau kwa mikono miwili, mbele na nyuma, bila kumtazama mtu, akapita katikati ya vioo viwili vilivyomwonyesha kila upande, akatoka.

Bwana Mita alishusha karatasi kutoka juu ya vioo kabla watu hawajaisha. Hakuwa amekasirika; alikuwa anapiga hesabu nyingine. “Mimi siuzi kitu ambacho mwenyewe amesimama dukani kwangu akasema ni kibovu,” alimwambia Bi Hesabu. “Niletee watu mia moja waliopimwa upya, kwa majina, tuzungumze. Wakikubali kupimwa. Na mimi nawajua wateja wangu.” Akaanza kurudisha majora mahali pake.

*

Jumapili hakuna aliyekuja. Jumatatu walikuja watatu, mmoja wao Mwalimu, aliyetaka kuona namba yake ikiandikwa kwa wino. Ikaandikwa: arobaini na sita. Mwenye kilemba cha kijani alipita mbele ya nyumba mara mbili bila kuingia. Mia moja kasoro tatu, Bi Hesabu alijisemea, na kwa mwendo huu jicho la kulia la mama litatangulia kuzimika.

Jumatano, saa tisa alasiri, pazia liliinuliwa bila hodi.

“Yuko wapi huyo mwongo wangu?” Shangazi aliuliza.

Fundi aliacha kushona. “Karibu, wifi.”

“Sijaja kukaribishwa. Nipime.”

“Kaa kwanza unywe maji.”

“Nikinywa maji utasema ndiyo yaliyoongeza. Nipime.” Alikuwa ameshaweka mkoba chini na kuinua mikono pembeni, kama mtu anayepekuliwa mlangoni. “Na wewe Bi Hesabu, usijifanye unatazama dirisha. Tazama huku. Wewe ndiye shahidi.”

Fundi aliitoa futi shingoni, akapiga magoti. Aliizungusha, akaifuata kwa vidole hadi nyuma kuona kwamba imelala sawa, akairudisha mbele. Aliisogeza hadi karibu na jicho lake la kulia. Alikaa hivyo.

“Sema.”

“Arobaini na nane.”

Kwenye kiwanda cha seremala wa jirani, msumeno ulikata ubao mmoja hadi mwisho.

“Na kwenye daftari niko ngapi?”

“Arobaini na nne.”

“Inchi nne.”

“Inchi nne, wifi.”

“Miaka kumi na tisa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.” Shangazi hakupandisha sauti. “Unajua nimesema maneno gani mimi, kwa hiyo arobaini na nne? Nimemsema mke wa kaka yetu mkubwa. Nimemsema binti wa watu siku ya harusi yake, nikamwambia jiangalie, mimi nina watoto sita na bado niko arobaini na nne. Alilia yule mtoto. Siku ya harusi yake.”

Fundi alikuwa bado amepiga magoti, futi mkononi. “Sikujua ungekwenda kuisema.”

“Ulijua. Ulinisikia. Ulikuwepo harusini, ulishona nguo ya bibi harusi.” Alishusha mikono. “Nguo yenyewe ilinikaa kila mara, ndiyo inayonikera. Ningepata hata moja ya kubana ningejijua.”

Bi Hesabu alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari jipya, la kumi na mbili, ukurasa wa kwanza, mstari wa nne.

“Shangazi,” alisema, “niandike?”

“Unangoja nini? Arobaini na nane. Na iandike kubwa, mama yako aione.”

Aliandika. Shangazi aliinama, akasoma, akasoma tena jina lake na namba kando yake, kisha akanyoosha mkono na kuichukua futi kutoka kwa wifi yake.

“Simama,” alisema.

“Mimi?”

“Wewe. Umepima mji mzima. Kwenye hayo madaftari kumi na moja, wewe upo?”

Fundi alimtazama binti yake. Bi Hesabu alitikisa kichwa, hakuwemo. Wateja elfu mbili mia tatu na nne, na hakuwemo.

“Mimi najishonea kwa kukisia,” Fundi alisema.

“Najua. Ndiyo maana unavaa magunia. Simama, inua mikono.”

Alisimama, polepole, akijishikilia kwenye ukingo wa cherehani. Aliinua mikono. Shangazi alimzungushia futi nyongani kwa uzembe, ikapanda mgongoni. Bi Hesabu aliacha kalamu akaenda kuishusha kwa nyuma, akailaza sawa. Vidole vyake vilihisi mwili wa mama yake ukikaza chini ya khanga, tumbo likirudi ndani, mabega yakipanda, pumzi imezuiwa.

Shangazi hakuisoma namba. Aliishikilia futi palepale, akangoja.

“Toa pumzi, wifi,” alisema. “Hatuna haraka.”